Miadi Isiyo ya Dharura Wakati wa Maradhi ya Mlipuko: Tafakuri ya Kihistoria kutoka Kisenge na Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1.0 Utangulizi

Maradhi ya kuambukiza yanapoenea nchini, mgonjwa mahututi hupelekwa hospitali bila ya mjadala mrefu. Mjadala huzuka nyumbani juu ya yule asiyeumwa sana: mja mzito aliyepangiwa siku ya kupimwa, mtoto wa miezi tisa anayesubiri chanjo ya surua, mzee wa shinikizo la damu ambaye vidonge vyake vinakaribia kwisha, au kijana mwenye ngiri aliyeandikiwa kupasuliwa. Wote hao huhesabiwa kuwa ni watu wa miadi isiyo ya dharura. Je, waende, au wangoje mpaka maradhi yapite?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa jicho la historia, yakianzia Kisenge, mji mdogo wa madini ulioko magharibi mwa jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mara nyingi watu wanaokacha kliniki wakati wa mlipuko hulaumiwa kwa ujinga au kwa kuamini uvumi. Hoja yetu ni kwamba lawama hiyo haitoshi. Mtu anayeamua kwenda au kutokwenda hupima mambo matatu: hatari iliyomo ndani ya hospitali, faida inayopatikana huko peke yake, na gharama, ya fedha na ya heshima, ya kuifikia. Mambo hayo matatu yamebadilika sana tangu 1918, na uamuzi uliokuwa wa busara zamani unaweza kuwa wa hatari leo. Aidha, tutaonesha kwamba maneno "isiyo ya dharura" yanakusanya chini ya jina moja miadi ya aina mbalimbali, na kwamba mchanganyiko huo wenyewe umegharimu maisha ya watu.

2.0 Kisenge: mahali na watu wake

Kisenge iko takriban kilomita 250 magharibi mwa Kolwezi tukipima kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, hasa wakati wa masika, safari ni ndefu zaidi. Wenyeji wa sehemu hizo ni wasemaji wa Kiruund, Kichokwe na lugha nyingine za jirani. Kiswahili kilifika pamoja na reli na machimbo, kikawa lugha ya kazi na ya kambini, na baadaye lugha ya watoto waliozaliwa humo.

Madini ya Kisenge si shaba bali ni manganizi. Yalichimbwa na BCK Manganèse, kampuni tanzu ya kampuni ya reli ya BCK, na kusafirishwa kwa njia ya Dilolo na reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito katika Angola. Njia hiyo, iliyokamilika mwaka 1931, ndiyo iliyokuwa uhai wa mji. Vita vya Angola vilipoifunga mwaka 1975, manganizi ya Kisenge yalibaki yamerundikana. Mwaka 1977, katika vita vya kwanza vya Shaba, wapiganaji waliotoka Angola waliiteka Kisenge pamoja na Dilolo na miji mingine ya mpakani. Usafirishaji wa manganizi kwa reli hadi Lobito ulianza tena mwaka 2018. Jimbo la Lualaba lenyewe, lenye makao makuu Kolwezi, lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa.

Tunaitaja historia hii kwa sababu moja. Katika mji wa kampuni, hospitali, nyumba, posho na mshahara vilitoka katika mkono mmoja, na mkono huo ulipolegea vyote vililegea pamoja. Mtu wa Kisenge anapojiuliza kama aende kliniki au asiende, kumbukumbu hiyo huwa naye.

3.0 Mafua ya 1918: hospitali isiyo na dawa

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapo. Wafanyakazi walikusanywa kutoka mbali, wakalazwa wengi katika chumba kimoja, wakapewa chakula wasichokizoea. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua wengi kabla hata ya kumaliza mikataba yao.

Mafua makubwa ya dunia yalipozuka mwaka 1918, yalifuata reli hiyohiyo. Yalipiga Cape Town mwezi wa Septemba, yakapanda hadi Rhodesia ya Kusini mwezi wa Oktoba, na kutoka huko yakaingia Katanga. Katika mazingira hayo mfanyakazi mwenye maumivu madogo angefanya nini? Hospitali ya wakati ule haikuwa na kinga wala tiba ya mafua. Dawa za kuua bakteria zilikuwa bado. Penisilini ilianza kutumika kwa watu wengi baada ya Vita Vikuu vya Pili tu. Hospitali ilichoweza kumpa mgonjwa ni kitanda, maji, uji na mtu wa kumtazama. Hivyo si vitu vya kudharauliwa, lakini vilipatikana pia nyumbani kwa jamaa, pasipo kulala kando ya anayekohoa.

Kwa hiyo mtu aliyekimbia kambi na kurudi kijijini mwaka 1918 aliweza kuwapelekea jamaa zake maradhi, na hilo ni kosa kubwa. Lakini yule aliyekataa tu kwenda hospitali kwa jambo dogo hakuwa amekosea hesabu. Faida ilikuwa ndogo na hatari ilikuwa kubwa. Hapo ndipo tunapopata kipimo cha kulinganishia nyakati zilizofuata.

4.0 Miadi iliyoamriwa na kampuni

Miadi ya hospitali kwa mtu asiyeumwa ni jambo geni katika historia ya ukanda wa shaba. Ilizaliwa baada ya miaka ya vifo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuona kwamba kuajiri watu wapya kila mwaka ni ghali kuliko kuwatunza waliopo. Ikaingiza mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu na hata kuwahimiza wafanyakazi kuja na wake zao, na ikaanzisha huduma za uzazi na malezi ya watoto. Mhusika mkuu wa siasa hiyo alikuwa Dakta Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 aliitolea tathmini ya miaka 20 ya utekelezaji wake.

Chini ya utaratibu huo mwanamke mwenye mimba alitakiwa kufika kupimwa, na mama alitakiwa kumleta mtoto mizanini. Zawadi na posho zilitumiwa kuwavuta, na majina ya wasiofika yalijulikana. Vifo vya watoto wachanga kambini vilipungua sana, na haifai kulikana hilo. Lakini ni lazima tuone upande wa pili: uamuzi wa kwenda au kutokwenda haukuwa wa mama. Ulikuwa wa kampuni, na kampuni ilikuwa ikihesabu wafanyakazi wa kesho.

Lugha imehifadhi alama za utaratibu huo. Katika Kiswahili cha Katanga neno "poso", linalotokana na posho, limekuja kumaanisha pia juma, kwa vile posho ya chakula iligawiwa mara moja kwa juma. Kadhalika, akina mama wengi nchini Kongo huiita siku ya kliniki ya watoto "kilo", wakimaanisha mizani. Mtu akisema atakwenda "kilo" poso ijayo, sentensi yake fupi inabeba zaidi ya nusu karne ya maisha ya kambini: wakati uliopimwa kwa chakula, na mtoto aliyepimwa kwa uzito. Maneno hayo hayana harufu ya ugonjwa wala ya hofu. Yanaonesha kwamba miadi isiyo ya dharura, ingawa ilianza kwa amri, ilikuja kuwa desturi ya watu wenyewe.

5.0 Hofu na sababu zake

Sambamba na desturi hiyo kulikuwa na hofu. Katika miji ya Katanga ya kikoloni zilienea habari za "batumbula", watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa niaba ya wazungu ili wawanenepeshe na kuwala, au wawanyonye damu. Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires kilichotoka mwaka 2000, amezilinganisha habari za namna hiyo kutoka Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Kibelgiji. Anashauri zisisomwe kama ushirikina mtupu. Ni lugha ambayo watu waliitumia kuzungumzia mamlaka iliyoichukua miili yao, ikaitibu, ikaifanyisha kazi na kuipima, bila ya kuwaeleza sababu.

Hofu ya aina hiyo ilikuwa ya mfano. Nyingine ilikuwa ya hakika kabisa, na ushahidi wake mkubwa unatoka nje ya Katanga, upande wa kaskazini ya nchi hiyohiyo. Mwaka 1976, huko Yambuku, hospitali ya misheni ilianza kila siku kwa sindano tano tu, zilizotumiwa kwa wagonjwa wa nje na kwa waja wazito bila ya kuchemshwa ipasavyo kati ya mtu na mtu. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipoingia, sindano hizo ziliusambaza. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Miongoni mwa wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 walikuwa wamepigwa sindano hospitalini hapo. Baadhi yao walikuwa waja wazito waliohudhuria kliniki kama walivyoagizwa. Kwao miadi isiyo ya dharura ndiyo iliyokuwa kifo.

Mwaka 1995 mlipuko wa Kikwit ulienea kwa kiasi kikubwa kupitia hospitali. Kati ya wagonjwa 315, wapatao 80 walikuwa watumishi wa afya. Milipuko hiyo miwili ilikwisha hasa pale hospitali zilipofungwa au zilipopewa glavu, maji na utaratibu wa kuwatenga wagonjwa. Kwa hiyo raia wa Kongo anayesema kwamba hospitali inaweza kuleta maradhi hazungumzi uvumi. Anazungumza historia iliyoandikwa na madaktari wenyewe. Mwalimu wa afya anayeanza kazi yake kwa kuikana historia hiyo hupoteza wasikilizaji kabla ya kuanza.

6.0 Kampuni ilipoondoka

Union Minière ilitaifishwa katika siku za mwisho wa 1966 na mwanzo wa 1967, na mrithi wake akaja kuitwa Gécamines. Kwa takriban miaka 20 huduma za jamii ziliendelea: hospitali, shule na posho. Kisha yakaja maporomoko. Mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka mwezi wa Septemba 1990, na katika miaka michache uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilikatika kwa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004, chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Kisenge, ambayo njia yake ya mauzo ilikuwa imefungwa tangu 1975, ilionja hali hiyo mapema kuliko Kolwezi.

Matokeo yake kwa swali letu ni makubwa. Uamuzi wa kwenda kliniki ulihama kutoka mikononi mwa kampuni ukaja nyumbani. Familia ilipata uhuru ambao haikuwa nao wakati wa Mottoulle, lakini iliupata pamoja na ankara. Kila kipimo kilikuwa na bei, na katika hospitali kadhaa nchini imeripotiwa mara nyingi kwamba mgonjwa asiyeweza kulipa, hata mama aliyejifungua, huzuiliwa wodini mpaka ndugu zake wapate fedha. Hapo gharama haikuwa ya mfuko peke yake. Ilikuwa pia ya heshima. Mtu aliyekwisha kuona jirani yake akizuiliwa atasita kwenda hata siku ambazo hakuna maradhi yoyote mjini. Mlipuko unapokuja, humpa sababu ya kusema waziwazi jambo ambalo tayari alikuwa akilifikiri.

Mfano wa kinyume unapatikana mashariki, miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa Kivu ya Kaskazini. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliambukiza watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katika maeneo yaliyoathirika serikali iliondoa malipo ya matibabu, na mahudhurio ya vituo vya afya yakaongezeka wakati uleule hofu ilipokuwa juu kabisa. Watu waliodhaniwa kuwa wamefungwa na uvumi walikuwa, kwa sehemu kubwa, wamefungwa na bei.

7.0 Mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Machi hali ya hatari ilitangazwa, nayo ikadumu hadi tarehe 21 Julai. Mwezi huohuo wa Machi mji wa Lubumbashi ulifungwa kwa siku mbili. Katika migodi ya Lualaba na Haut-Katanga baadhi ya makampuni yaliwazuia wafanyakazi wao ndani ya maeneo ya kazi kwa majuma mengi, hata mashirika ya kutetea haki yakalalamika hadharani mwezi wa Juni. Wazee walioijua kambi ya zamani waliweza kuitambua sura yake: kampuni imerudi kuamua nani atoke na nani asitoke, ila safari hii bila ya mizani ya watoto.

Nchi iliingia katika Korona ikiwa na janga jingine ambalo halikupata sifa kubwa duniani. Tangu mwanzo wa 2019 surua ilikuwa imeambukiza, kwa hesabu ya washukiwa, watu zaidi ya 300,000, na hadi Januari 2020 ilikuwa imewaua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya vifo vyote vya Ebola ya mashariki. Korona yenyewe, kwa takwimu rasmi, iliua watu chini ya 1,500 nchini kote katika miaka yote ya janga. Hata tukikubali kwamba vingi havikuandikwa, jambo moja liko wazi: kwa mtoto wa Kisenge mwenye umri wa miezi tisa, ugonjwa wa kuogopwa mwaka 2020 ulikuwa surua, na kinga yake ilikuwa katika miadi inayohesabiwa kuwa si ya dharura.

Shirika la Afya Duniani liliitambua hatari hiyo mapema. Tarehe 26 Machi 2020 lilishauri kampeni za chanjo za halaiki zisimamishwe kwa muda, lakini chanjo za kawaida za kliniki ziendelee pale inapowezekana. Mwezi wa Mei, pamoja na UNICEF na Gavi, lilionya kwamba watoto wasiopungua milioni 80 wenye umri wa chini ya mwaka mmoja, katika nchi 68, walikuwa hatarini kwa sababu ya huduma za chanjo kuvurugika. Mwezi wa Julai watafiti wa London walichapisha hesabu iliyohusu Afrika moja kwa moja. Walikadiria kwamba kwa kila kifo kimoja cha Korona ambacho kingeweza kutokana na safari za kupeleka watoto chanjo, vifo 84 vya watoto vingezuiliwa kwa kuendelea na chanjo hizo. Wao wenyewe walikiri kwamba namba hiyo ingeweza kuwa 14 au 267. Hata tukishika ile ndogo kabisa, mizani inaelemea upande mmoja.

Je, watu waliijua hesabu hiyo? Utafiti uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2021 unatoa jibu la kuvutia. Katika miezi ya kwanza ya janga, jumla ya mahudhurio katika vituo vya afya ilishuka ghafla. Walipungua wagonjwa wa malaria na nimonia, na walipungua wenye kisukari na shinikizo la damu. Lakini huduma za wajawazito na chanjo za watoto hazikuonesha upungufu wa maana. Akina mama wa Kinshasa, bila ya kusoma jarida lolote la London, walitofautisha miadi na miadi. Desturi ya "kilo" ilisimama. Iliyoanguka ni miadi ya wale ambao ugonjwa wao haupigi kelele.

8.0 Miadi si ya aina moja

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza miadi isiyo ya dharura igawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni miadi inayoweza kungoja kweli. Kijana mwenye ngiri isiyobana, mtu wa miwani, mtu wa jino lisilouma: hao wakiahirisha miezi mitatu, aghalabu watakuta hali ileile waliyoiacha. Kwao kukaa nyumbani wakati wa mlipuko ni busara na ni hisani kwa wengine, maana kila mtu anayepungua katika foleni humpunguzia hatari anayebaki. Sharti ni kwamba wajue dalili za kuwarudisha mbio. Ngiri ikibana na kuuma ghafla imekwisha kuwa dharura.

Fungu la pili ni miadi yenye tarehe. Mimba haingoji janga liishe, na mtoto hawezi kurudi kuwa wa miezi tisa. Chanjo ya surua iliyokosekana huweza kutolewa baadaye, lakini kati ya leo na baadaye hiyo mtoto yu uchi, na watoto wengi wakiwa uchi kwa pamoja surua hupata njia. Miadi ya fungu hili haina haraka ya saa, lakini ina ukomo. Kuiita isiyo ya dharura bila ya kuongeza neno hilo la ukomo ni kumpotosha mama.

Fungu la tatu ni miadi ya kimya. Humo wamo wenye shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu, kifafa na virusi vya Ukimwi. Mgonjwa anajiona mzima kwa sababu anatumia dawa; akikosa dawa hajioni mgonjwa mara moja; na siku anapojiona mgonjwa huenda amechelewa. Uzoefu wa Guinea, Liberia na Sierra Leone katika Ebola ya 2014 hadi 2016 ni wa kutisha. Watafiti walikadiria kwamba kupungua kwa huduma kulileta vifo vya ziada zaidi ya 10,000 kutokana na malaria, Ukimwi na kifua kikuu, karibu sawa na vifo zaidi ya 11,000 vya Ebola yenyewe. Vifo hivyo havikuwa na wodi ya kutengwa wala taarifa ya kila jioni redioni.

Kwa fungu hili suluhisho si kumwamuru mzee aje, wala kumwambia akae. Ni kumpunguzia idadi ya safari. Dawa za miezi mitatu zikitolewa kwa mkupuo mmoja, badala ya za mwezi mmoja, safari 12 za mwaka huwa nne. Kwa mtu anayeishi vijiji vya kandokando ya Kisenge, anayefika kituoni kwa miguu au kwa baiskeli, tofauti hiyo ni kubwa kuliko hotuba yoyote.

Mafungu haya yanadai kitu pia kutoka kwa hospitali. Miadi yenye tarehe na miadi ya kimya haiwezi kudaiwa kwa haki ikiwa anayekohoa na anayekuja kuchanjwa wanakaa benchi moja. Mlango wao uwe mbali, au siku zao ziwe mbali. Maji na sabuni yawepo. Sindano moja iwe ya mtu mmoja. Yambuku ilianguka kwa kukosa mambo madogo kama hayo. Familia inayouliza kwanza kama yapo, kabla ya kumpeleka mtoto, inauliza swali lililo sahihi, na muuguzi hana budi kulijibu bila ya kukasirika.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1918 hospitali ya Katanga ilikuwa na hatari nyingi na faida chache kwa mtu asiye mahututi. Kambi ya Union Minière iliongeza faida, lakini ikamnyima mtu uamuzi. Kuanguka kwa makampuni kulimrudishia uamuzi pamoja na gharama, na milipuko ya Yambuku na Kikwit ikampa sababu za hakika za kuogopa. Mwaka 2020, faida iliyokuwa ndani ya kliniki, hasa chanjo ya surua na dawa za maradhi ya kudumu, ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Kwa hiyo yule anayemwiga babu yake wa 1918 kwa kukaa nyumbani anaiga uamuzi ambao sababu zake zimekwisha kutoweka. Na yule anayemlaumu kuwa ni mjinga hajasoma historia iliyomfundisha.

Swali hili halikuisha na Korona. Mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ndui ya nyani kuwa hatari ya kimataifa, na Kongo ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Milipuko mingine itakuja, na itafuata reli na barabara za madini kama ilivyofanya ya kwanza.

Kwa wanafunzi na watafiti wa Kiswahili iko kazi inayongoja. Johannes Fabian alipochapisha mwaka 1990 ile Vocabulaire iliyotungwa na André Yav mjini Elisabethville mwaka 1965, alituonesha jinsi wafanyakazi wa nyumbani walivyoweza kuandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao wenyewe. Historia ya hospitali za ukanda wa shaba, kama ilivyoonwa kutoka kwenye benchi la kungojea, inastahili kukusanywa kwa namna hiyo. Madaftari ya kliniki yaliyosalia yana tarehe na uzito wa watoto; akina mama wa Kisenge wana sababu za kuja na za kutokuja. Kimoja bila ya kingine hakitatueleza kwa nini mtoto fulani alipelekwa "kilo" poso ile na mwenzake akaachwa nyumbani. Na akina mama wanaokumbuka kambi ya zamani wanazidi kupungua kila mwaka.